Niliwaomba radhi waliotuibia: barua ya adabu iliyotaka kuzika programu yetu ya foleni ya malori Tunduma

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji wa msimu. Leo naandika kwa sababu nimechoka kusimulia hili jambo kwa mdomo, na kila nikilisimulia nakasirika upya kama limetokea jana.

Yote yamenikuta mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha. Jina la kampuni silitaji, maana nimeshajifunza kwa maumivu kwamba sentensi moja ukiiandika vibaya inaweza kukutembeza nchi nzima.

Uzi ni mrefu. Mvivu wa kusoma apite salama, asije kuniambia "fupisha mkuu".

Tuanze na wasioijua Tunduma.

Malori ya Zambia na Kongo yote yanapita hapa. Mpaka ukizidiwa, foleni inarudi nyuma mpaka Chapwa, siku mbaya inagonga Mpemba. Dereva anaweza kukaa siku mbili, tatu, nne, gari linasogea hatua chache halafu kimya.

Shida siyo kusubiri tu. Shida ni kwamba ukishuka kwenda kula au kuoga, foleni ikasogea na wewe haupo, wa nyuma anakuchomekea. Ukirudi unakuta gari tano zimekupita. Hapo ni kushikana mashati. Kwa hiyo watu walikuwa wanalala njaa ndani ya kabini wakiogopa kushuka.

Sasa pale Chapwa kuna mama mmoja anapika. Tumwite Mama Tusekile, Mndali wa Ileje, mfupi, sweta haivui hata jua likiwaka. Huyu mama alikuwa na daftari.

Dereva akifika anaandika namba ya gari na namba ya simu. Anakula, akitaka anakwenda kuoga au kulala gesti. Mama Tusekile huku anasonga ugali, jicho lake liko barabarani. Foleni ikianza kusogea anakubipu.

Bipu moja maana yake malizia chakula, jiandae.

Bipu mbili za kufuatana maana yake kimbia, washa gari.

Hupokei. Ukipokea umemlia salio na atakusema mbele za watu mpaka ujute.

Huo utaratibu haukuwa umeandikwa popote, lakini barabara nzima iliujua. Mzambia ambaye Kiswahili chake ni cha kuunga unga alijua bipu moja ni nini na bipu mbili ni nini. Mkongo hivyo hivyo. Na mama hakudai chochote kwa hilo, alichotaka ni wewe ule kwake.

Mimi nilisoma kompyuta chuo, nikarudi nyumbani, nikafungua kiofisi cha kutengeneza simu na kuweka window kwenye kompyuta hapa Tunduma mjini. Nikienda kazini upande wa Chapwa mchana nakula kwake.

Siku moja simu yake ikatumbukia kwenye sufuria ya maharage. Msicheke. Foleni ya siku ile ilivurugika mpaka polisi wakaja.

Wakati nahangaika kuikausha ile simu ndipo nikapata wazo. Nikachukua laptop yangu kuukuu, nikachomeka modemu, nikaandika programu ndogo. Unaingiza namba za magari kwa mpangilio, ukibonyeza kwamba foleni imesogea, yenyewe inabipu wanaohusika. Bipu moja, bipu mbili, vilevile kama mama alivyokuwa anafanya. Nikaiita Zamu.

Code nikaiweka mtandaoni kama open source. Kwa asiyejua, hiyo ni kwamba mtu yeyote duniani anaichukua, anaitumia, anairekebisha, bila kuniomba ruhusa na bila kunilipa. Wapo walioniita mjinga. Lakini mimi ningeuza nini? Wazo siyo langu. Kwenye maelezo ya mwanzo kabisa niliandika kwamba utaratibu huu ni wa Mama Tusekile wa Chapwa.

Ikakua yenyewe. Jamaa mmoja wa Kasumbalesa, mpakani upande wa Kongo, ambaye sijawahi kuonana naye, akaongeza Kifaransa. Mtanzania mwenzetu anayefanya kazi ughaibuni akarekebisha makosa yangu ya kizembe. Yadi za malori zikaanza kuitumia, kwanza moja, halafu karibu zote za upande huu. Mama Tusekile nilimwekea kwenye simu, lakini daftari hakuliacha. Alisema simu ikitumbukia tena kwenye maharage, daftari litakuwepo.

Nilikuwa na furaha wakuu. Sijawahi kutengeneza kitu kikatumika vile.

Halafu ikaja barua.

Ilikuja kwa email, Kiingereza cha kuvimba, kutoka kwa wanasheria wa kampuni moja kubwa ya nje inayouza mifumo ya usafirishaji. Wanasema Zamu inavunja hataza yao.

Hataza ni karatasi ambayo serikali inakupa kwamba hiki kitu umekivumbua wewe, na kwa miaka kadhaa asikitumie mtu bila idhini yako. Kwa mashine sina shida nayo. Kwa programu za kompyuta ni vurugu, maana wakubwa wanasajili mpaka mambo ambayo kila mtu anafanya, halafu wanakaa nayo wakisubiri watu wadogo.

Nikafungua ile hataza nisome wamevumbua nini.

Walichovumbua, kwa maneno yao, ni njia ya kumjulisha mwendeshaji wa chombo kilichoko kwenye foleni kwa kutumia simu isiyokusudiwa kupokelewa, kwa hatua mbili, ya kwanza ya tahadhari na ya pili ya kuondoka.

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu nikifuata kwa kidole.

Wakuu, hiyo ni bipu. Wamesajili bipu! Bipu ya Mama Tusekile, moja na mbili, imevalishwa suti na kupewa namba ya usajili.

Na maombi yao waliyapeleka mwaka mmoja kabla mimi sijaweka Zamu mtandaoni. Kwa karatasi, wao ni wa kwanza na mimi ndiye mwizi.

Hapa sasa ndipo nilipofanya kosa, na nawaomba mnisome taratibu kabla hamjanitukana.

Nilikwenda Igamba kwa Baba. Baba ni mwalimu mstaafu. Barua zote za maana za kijiji kile amezipitia yeye, za mashamba, za posa, za kuomba shule. Anaamini barua ikiandikwa vizuri hakuna jambo lisilotatulika. Nikamweleza, akavaa miwani, akasoma ile email yote kwenye simu yangu.

"Hawa watu wamekasirika," akaniambia. "Waombe radhi kwanza. Mambo mengine mtazungumza mkishaelewana."

"Lakini Baba, sijawakosea."

"Najua hujawakosea. Kwani kuomba radhi mpaka uwe umekosa?"

Na mimi nikaona ana hoja. Ndivyo tulivyolelewa. Unaingia kwa mtu unasema samahani kwa usumbufu, na hujasumbua mtu. Mtu anakukanyaga, wewe ndiye unaanza kusema samahani. Sisi radhi ni kama kubisha hodi.

Tukakaa pale barazani asubuhi nzima, yeye anasema, mimi naandika. Tukawasalimu. Tukawatakia heri katika kazi zao. Kisha tukaandika kwamba tunaomba radhi sana kwa usumbufu tuliowasababishia kwa kutumia utaratibu wao bila kuwajulisha, na kwamba tupo tayari kuelekezwa. Chini nikamalizia na ule mwisho wa barua wa shule ya msingi, wako mtiifu.

Baba aliisoma akaridhika. Nami nikaituma.

Hawakunijibu. Hata "tumepokea" hawakuandika.

Walichofanya waliwaandikia watumiaji wangu. Kila yadi. Kila kampuni ya malori iliyokuwa inatumia Zamu ilipata barua, na kwenye kila barua wameambatanisha barua yangu, sentensi moja imepakwa rangi ya njano. Ile ya kuomba radhi. Juu yake wameandika kwamba watengenezaji wenyewe wamekiri kutumia uvumbuzi wa kampuni bila idhini, hivyo yeyote atakayeendelea kuitumia atawajibika kisheria.

Mnaona ushenzi huo? Hawakunishtaki mimi. Wakinishtaki mimi wanapata nini, laptop yenye kioo kilichopasuka? Tena mahakamani wangetakiwa kuthibitisha. Kuwatisha watu hakuhitaji uthibitisho.

Kama hiyo hataza ina nguvu kweli hapa Bongo au haina, huo ni mjadala wa wanasheria. Sisi hatukufika huko. Hofu ilitosha.

Meneja wa yadi moja, mtu ambaye nilimsaidia mfumo wake mpaka Jumapili, aliniita ofisini akanionyesha ile karatasi bila kunikaribisha kiti.

"Kijana, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, ila mkuu naomba nikueleze..."

"Kama ni yako basi. Mimi nina malori, siwezi kuanza kesi na Wazungu."

Wiki hiyo yadi zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine. Tovuti tulikokuwa tumeweka code nayo ikapata malalamiko, ikafunga ukurasa wetu mpaka suala litatuliwe. Yule mwenzetu wa ughaibuni mwajiri wake akamwambia asiguse Zamu tena. Jamaa wa Kasumbalesa akaniandikia mstari mmoja kwamba ana watoto, akaondoa jina lake. Simlaumu.

Najua kuna wakili humu ameshaanza kuandika, "kwa nini hukutafuta mwanasheria kabla ya kujibu?" Mkuu, swali zuri. Kwa sababu huku kwetu mwanasheria unamtafuta ukishagombana, na mimi nilikuwa nafikiri bado tunasalimiana.

Niliwatafuta baadaye. Kuna kikundi cha wanasheria huko nje wanaotetea miradi ya open source bure. Dada mmoja akanijibu kwa utu kabisa, akanieleza kwamba kitu kikiwa kimeshajulikana hadharani kabla ya maombi ya hataza, siyo uvumbuzi tena, na hataza inaweza kubatilishwa. Ila anataka ushahidi uliochapishwa, wenye tarehe.

Nikakimbia mpaka Chapwa. Madaftari ya zamani!

Mama Tusekile akanitazama kwa huruma. Madaftari yakijaa anawashia jiko. Lililokuwepo lilikuwa la mwezi ule, na siku ameandika Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mwaka hakuna. Meseji kwenye simu zipo wapi? Bipu haiachi meseji.

Basi. Nikajua tumekwisha.

Lakini kilichonivunja kabisa kilikuja siku chache baadaye.

Mwenye yadi ya pale Chapwa, ambaye kibanda cha Mama Tusekile kiko kwenye eneo lake, alikwenda kwake na ile barua mkononi. Akamwambia kuanzia leo hakuna kuandika magari na hakuna kubipu madereva kwenye yadi yake, asije akamletea kesi. Akachukua na daftari.

Mama alicheka kwanza. Alidhani ni utani.

"Sasa nisibipu mimi? Kwani kubipu nimeanza leo?"

Jamaa akamwambia kubipu kuna mwenyewe sasa, na akiendelea atahama.

Someni tena hiyo wakuu. Mwanamke aliyeutunga huo utaratibu, akiwa na mwiko mkononi, anaambiwa bipu ina mwenyewe.

Kesho yake nilikuwepo pale. Kuna dereva wa Zambia anaitwa Ba Mulenga, mteja wa mama tangu zamani, alikuwa amepakia vitunguu vya kwenda kwao. Alikula, akaandika namba yake kwenye kipande cha boksi maana daftari halipo, akaenda kulala kabla mama hajapata nafasi ya kumweleza, akijua atabipiwa kama kawaida. Foleni ikasogea. Mama Tusekile alisimama pale mlangoni, simu iko kwenye mfuko wa aproni, anatazama gari la Ba Mulenga likipitwa. Mwenye yadi amekaa kwenye kiti upande wa pili.

Hakubipu.

Niliona mkono wake unaingia mfukoni na kutoka, unaingia na kutoka. Mimi nilikimbia mwenyewe kumgongea Ba Mulenga gesti, lakini tuliporudi gari kibao zilikuwa zimeshampita, na vitunguu vilikuwa na siku nyingi tayari.

Ba Mulenga hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Awe, mama," akamwambia, yaani hapana. "Nilikungoja wewe. Mbona hukubipu?"

Mama Tusekile aligeuka akaanza kukwangua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Na mimi nikajua kwamba mkono wake umefungwa na barua yangu, ile ya kuwatakia heri watu katika kazi zao.

Nilimpigia Baba nikamwambia yote. Akaniomba nimtumie picha ya ile barua yenye njano. Baada ya kama nusu saa akapiga yeye.

"Hiyo sentensi ni yangu," akasema. "Wewe uliandika tu. Nakuja kumwona huyo mama."

Nikamwambia hakuna haja. Mmeshawahi kubishana na mwalimu mstaafu? Alikuja, amevaa koti lake la kanisani, ameshika jogoo na kifuko cha maharage. Nikampeleka Chapwa.

Mama Tusekile alipoona mzee anaingia na jogoo akachanganyikiwa.

"Shikamoo mwalimu. Karibu. Kwema huko?"

"Marahaba mama. Siyo kwema sana. Nimekuja kukuomba radhi. Barua iliyokufunga mikono niliitunga mimi."

"Jamani mwalimu! Umenikosea nini wewe? Kaa, baridi hii, kaa unywe chai."

Nilikaa pembeni nikiwa na hasira. Nikawa nasema moyoni, mzee huyu hata sasa haachi, radhi ndiyo iliyotufikisha hapa na bado anazigawa.

Sasa, Baba ana tabia moja. Anasoma kila kitu. Ukimkalisha mahali atasoma dumu la mafuta, atasoma kiberiti, atasoma tangazo la msiba la mwaka juzi. Kazi ya miaka mingi ya kusahihisha.

Kwenye ukuta wa mbao wa kile kibanda kuna kalenda ya zamani. Mnajua sisi na kalenda, mwaka unaisha lakini picha nzuri haitupwi. Hii ilikuwa imepigiliwa misumari kuziba upenyo ambao upepo unaingilia, imekuwa kahawia kwa moshi. Picha yake ni Mama Tusekile mwenyewe, daftari mkono mmoja, simu mkono mwingine, anacheka. Alikuwa anajivunia nayo sana. Kila dereva mgeni alionyeshwa. Sisi sote tumeiona mara elfu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusoma maandishi madogo chini ya picha.

Baba aliinuka na kikombe chake. Akasogea. Akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Halafu akasoma kwa sauti ile ya mstarini, Kiingereza kwanza, kisha akatutafsiria, kwamba huyu ni mama lishe wa Tunduma, ambaye kwa daftari lake na simu mbili zisizopokelewa, ya kwanza ya kujiandaa na ya pili ya kuondoka, huwajulisha madereva zamu yao kwenye foleni.

Akasoma na jina lililokuwa chini kabisa, jina la kampuni.

Nilisimama. Lile jina nilikuwa nimeliona. Lipo ukurasa wa kwanza wa ile hataza, sehemu ya mwombaji. Ndiyo kampuni iliyopeleka maombi kabla haijanunuliwa na hii kubwa.

Na mwaka? Kalenda ina kazi gani nyingine wakuu? Mwaka umeandikwa kwa herufi kubwa kama kichwa cha mtoto. Miaka minne kabla ya maombi yao.

"Mama, hii kalenda ulipewa na nani?" nikamuuliza.

"Si wale vijana wa vitambulisho shingoni? Walikula hapa siku tatu. Wali wangu waliupenda kweli. Wakaniuliza nafanyaje, nikawafundisha, bipu moja hivi, bipu mbili hivi. Wakawa wanaandika. Wakanipiga picha. Krismasi wakanitumia kalenda. Nikasema hawa watoto wamelelewa."

Wamelelewa!

Wakuu, sijui niwaeleze vipi nilichohisi. Walikula kwake. Akawafundisha huku anawaongezea mchuzi. Wakampiga picha, wakamchapa kwenye kalenda, wakajua kabisa ni wake na wakaandika kwa mkono wao kwamba ni wake. Halafu wakaenda ofisini wakasajili kuwa ni wao. Halafu wakamkataza yeye. Hata jambazi ana aibu kidogo, anaficha sura.

Nilipiga picha ile kalenda kila upande nikamtumia yule dada mwanasheria. Alijibu haraka kuliko siku zote. Anataka kalenda yenyewe, na kiapo cha mama mbele ya wakili.

Mama Tusekile alikubali kuapa. Kalenda alitoa kwa masharti. Aliniandikisha kwenye daftari jipya, jina langu, namba yangu ya simu, kitu nilichochukua, na siku nitakayorudisha. Na safari hii Baba akamwambia aweke na mwaka.

Tulipoitoa ukutani upepo ukaingia wote. Siku hiyohiyo nilipigilia kipande cha plaiwudi.

Tukakaa tena, mimi na Baba, kuwaandikia wale watu barua ya pili, huku yule dada akiipitia. Baba akaanza kwa mazoea, "Tunaomba..." akasimama. Akafuta. Akajaribu tena, akafuta tena. Nilimhurumia, ni kama kumwambia aingie kwenye nyumba ya watu bila kubisha hodi. Mwisho barua ikawa fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Tumepata kalenda yenu. Nakala hii hapa. Barua yetu ya kwanza haikuwa kukiri kosa. Mama Tusekile ataendelea kubipu.

Jibu halikuja kwetu. Zamu hii pia waliwaandikia watumiaji, mistari mitatu, kwamba kutokana na mabadiliko ya kibiashara hawataendelea na madai yao kwa sasa. Kalenda haikutajwa. Mama hakutajwa. Ukurasa wetu ukafunguliwa kimyakimya. Suala la kuibatilisha hataza yenyewe yule dada na wenzake wamelipeleka kwenye ofisi husika, na huko mambo yanakwenda kwa mwendo wa foleni ya Tunduma.

Msidhani tumeshinda. Yadi nyingi hazijarudi. Zimeshanunua mfumo wa ile kampuni, na mfumo wenyewe unafanya nini? Unabipu. Mara moja, halafu mara mbili. Jamaa wa Kasumbalesa hajarudisha jina lake. Vitunguu vya Ba Mulenga hakuna aliyevifidia.

Mwenye yadi alirudisha daftari. Siku aliyolirudisha, Mama Tusekile alimbipu Ba Mulenga aliyekuwa amekaa meza ya pili tu kutoka kwake, gari lake hata halijapangwa. Ba Mulenga akacheka mpaka akakohoa. "Natotela, mama," akamwambia, yaani asante.

Nilichojifunza nakisema kwa hasira, mnisamehe, na hili neno mnaona sasa nalitumia kwa kuogopa. Barua ya mwanasheria usiijibu kwa adabu za nyumbani. Adabu ile ni ya watu wanaoijua. Kama unatengeneza kitu, au mama yako, fundi wako, kinyozi wako ana ujanja wake wa kazi ambao kila mtu anauona wa kawaida, uandike mahali, uweke tarehe, uuchapishe hata kwenye kipeperushi cha harusi. Na wakija wageni wa vitambulisho kukuuliza unafanyaje kazi yako, wape wali, lakini na wewe waulize wanaandika nini na wanakipeleka wapi.

Waliowahi kukumbana na haya ya hataza, au wanasheria mnaoelewa sheria yetu inasemaje kuhusu programu za kompyuta, njooni mseme hapa. Hata wa kunitukana kwa ile barua ya kwanza, nafasi ipo. Nitasoma yote, na mazuri nitamsomea Baba.

Yeye kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia, na swali ni lilelile, wale watu wameandika? Namwambia bado. Ananiambia nisiwe na haraka, watu hawawezi kufanya jambo kama lile wakakaa kimya, lazima wataleta barua ya kumwomba radhi yule mama, labda wanatafuta maneno mazuri.

Sijapata moyo wa kumwambia kwamba hawatafuti.